Kabla Hujalipia Gari la Filamu, Fuata Ukoo Wake

Kijana mmoja Mkenya anayeishi Texas ameniandikia wiki hii akiwa na haraka ya kutoa amana. Ameona Dodge Charger ya 1969, rangi ya chungwa, namba 01 milangoni, na muuzaji anaapa kwamba ilitumika kwenye The Dukes of Hazzard, kipindi cha televisheni cha Marekani ambacho gari lake la chungwa liliitwa General Lee. Kuna cheti ndani ya fremu. Kuna saini ya mwigizaji kwenye dashibodi. Bei imepandishwa karibu mara mbili ya Charger ya kawaida ya mwaka huo. "Kaka, nilipe?" ameuliza.

Nikamuuliza namba ya chasisi inasemaje. Hakuwa nayo. Alikuwa na picha za saini, za rimu, za honi, za injini iliyosafishwa ikang'aa, lakini namba hakuna. Nikamwambia asitoe hata senti moja, na kwamba nitamjibu hapa kwa kirefu, maana wengi mnaonisoma mna hamu ileile: kumiliki gari la Kimarekani la miaka ya sitini lenye injini kubwa, lililopita mbele ya kamera, na kuweza kulithibitisha mbele ya mtu yeyote. Mimi nimefika hapo. Mwezi uliopita ilinifikia karatasi ya mwisho niliyokuwa nikiitafuta, na sasa nasema bila kutafuna maneno kwamba Charger yangu ni mojawapo ya zile za kweli.

Kwanza lijueni jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kipindi kile kilianza kuonyeshwa na kituo cha CBS Januari 1979 kikaisha 1985, na katika miaka hiyo zilitumika Charger zinazokadiriwa kufika 300. Ziliisha kwa wingi hivyo kwa sababu gari likirushwa hewani na kutua, bodi inapinda na mara nyingi halifai tena. Lile la kwanza, maarufu kama Lee 1, lilirushwa Novemba 1978 mjini Oxford, jimbo la Georgia, juu ya gari la polisi, futi 16 kwenda juu na futi 82 kwenda mbele. Mruko ule ndio uliowekwa kwenye ufunguzi wa kipindi. Gari lenyewe lilikaa kwenye yadi ya vyuma chakavu mpaka 2001 lilipotambuliwa. Likafufuliwa, na mwaka 2012 mcheza gofu Bubba Watson akalinunua mnadani kwa dola 110,000.

Sasa fikirieni magari kama 300, mengi yakiwa yamevunjwavunjwa na kutupwa, na mashabiki nchi nzima wanaopaka Charger zao rangi ileile. Hapo ndipo madalali wanapokula. Rangi ya chungwa inanunuliwa dukani. Saini inaonyesha tu kwamba mwigizaji aliwahi kuliona gari hilo, hata kama ni juzi kwenye maonyesho. Cheti chochote muulize aliyekiandika: wewe ulijuaje?

Yangu niliinunua kaskazini mwa Georgia kwa mzee aliyekuwa anastaafu kazi ya kupiga rangi magari. Aliniuzia kama nakala ya shabiki, kwa bei ya nakala, na alikuwa mkweli, kwa kuwa naye ndivyo alivyoambiwa. Mimi ni fundi wa bodi. Kazi hii niliianzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikinyoosha Corolla na Datsun za watu, ndipo nikaja kuiendeleza huku Marekani. Nilipoanza kukwangua rangi sikuwa na papara. Kwenye fenda ya mbele, chini ya tabaka la puti, msasa ukanifikisha kwenye kiraka cha bati cha duara. Nikahamia upande wa pili, nikakuta kingine. Nyuma, viwili vingine.

Anayezijua Charger ameshaelewa. Ile ya 1968 ina taa ndogo za ubavuni za duara. Ya 1969 zake ni za mstatili. Taa za nyuma za 1968 ni nne za duara. Za 1969 ni mbili ndefu. Shoo ya mbele ya 1969 imegawanywa katikati. Charger za 1969 zilipokuwa adimu, mafundi wa kipindi walichukua za 1968 wakazivalisha sura ya 1969. Paneli ya nyuma ya gari langu ilikuwa imekatwa na kuchomelewa nyingine kwa mkono wa mtu anayetakiwa kukabidhi kazi kesho asubuhi, wala ule mchomeleo haukusafishwa. Ndani, viti na milango vilipulizwa rangi ya kahawia hafifu juu ya nyeusi. Sakafuni palikuwa na matundu ya boliti za mabomba ya kumkinga dereva. Na sakafu ya buti ilikuwa imebonyea kwa chini. Charger ina pua nzito, ikiruka inaangukia pua, kwa hiyo buti lilijazwa zege au mifuko ya mchanga ili gari lisawazike hewani. Mzigo ule huacha alama.

Moyo ulinienda mbio, nawaambia ukweli. Lakini sikumwambia mtu. Shabiki mwenye bidii naye anaweza kugeuza 1968 kuwa 1969, na anaweza kujaza mchanga kwenye buti akaruka tuta shambani kwake. Makovu yalinipa sababu ya kutafuta, hayakunipa haki ya kudai chochote.

Kwa hiyo rudini kwenye namba. Magari haya hayana ile namba ya tarakimu 17 iliyoanza na modeli za 1981, ndiyo maana ukiiingiza kwenye zile huduma za intaneti za kuchunguza magari hupati kitu. Charger ya wakati ule ina herufi na tarakimu 13. Namba ikianza XP29, ni Charger ya kawaida ya milango miwili. XS29 ni R/T, ile ya nguvu zaidi. Inayofuata ni herufi ya injini, kwa ukubwa wake wa inchi za ujazo: F ni 318, L ni 440, J ni Hemi 426. Kisha mwaka, 8 au 9. Kisha kiwanda, B ikiwa Hamtramck, Michigan. Halafu namba yake ya mfululizo. Kibao chake kipo juu ya dashibodi, kimefungwa kwa ripiti zenye umbo la ua. Ukikuta ripiti za kawaida, simama hapohapo na uulize, kwa sababu kuhamisha au kufuta namba ya gari ni kosa la jinai la shirikisho. Kisha tafuta mihuri ya siri: sehemu ya namba hiyohiyo imegongwa kwenye chuma kinachoshika rejeta na kwenye ukingo wa buti chini ya raba. Zisipolingana na dashibodi, unaangalia magari mawili yaliyounganishwa, au gari la wizi. Kuna pia kibati kwenye fenda ya ndani upande wa dereva chenye alama za siri za rangi na vifaa, na karatasi ya kiwandani ambayo mara nyingi hujificha kwenye springi za viti au juu ya tangi la mafuta. Panya wameila nusu ya kwangu. Nusu iliyobaki ina namba, na nimeitunza kama hati ya shamba la babu.

Wenye Ford wana nafuu. Kevin Marti wa Arizona ana kumbukumbu za uzalishaji wa Ford kuanzia 1967. Unatoa namba, unapewa karatasi inayoeleza gari lilivyotoka kiwandani. Wenye Pontiac nao wana PHS, huduma ya kumbukumbu za magari yao. Sisi wa Dodge na Plymouth za 1968 na kuendelea hatuna hazina kamili ya namna hiyo. Tunafuata watu.

Na kuwafuata watu ndiyo kazi yenyewe, ndugu zangu. Georgia haidai hati ya umiliki kwa gari la 1985 kurudi nyuma, kwa hiyo gari kama langu linaweza kupita mikono mingi kwa risiti za kuandikiana mezani tu. Sheria ya shirikisho ya 1994 inayolinda taarifa za madereva nayo inaizuia serikali kukupa majina ya wamiliki wa zamani kwa sababu tu unayataka. Unabaki na mdomo wako na barua zako. Mzee aliyeniuzia alinitajia aliyemuuzia yeye. Huyo akamkumbuka mtu wa Alabama. Mtu wa Alabama alikuwa ameshafariki, na mjane wake hakupokea simu za watu asiowajua. Nikamwandikia barua kwa mkono, nikaweka picha yangu nikiwa nimesimama kando ya gari, nikamweleza mimi ni nani na ninatafuta nini. Sikumwomba kitu, nilimuuliza tu kama marehemu alilipenda gari hili. Akanipigia yeye mwenyewe.

Kwenye kasha la viatu la marehemu kulikuwa na picha ya Charger juu ya trela, paa limebonyea, rangi ya chungwa imepauka. Na risiti yenye namba zote 13, ikitaja yadi moja ya California. Kutoka hapo ilikuwa ni kusubiri na kuuliza, kusubiri na kuuliza. Karatasi iliyonifikia mwezi uliopita, kutoka kwa familia ya mwenye yadi, ni nakala ya orodha ya Charger zilizovunjika zilizochukuliwa kutoka kwa watengenezaji wa kipindi. Namba ya kwangu imo. Niliisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mke wangu akiifuatisha kwenye dashibodi kwa tochi.

Kuna mtaalamu mmoja wa magari haya, simtaji, niliyemtumia picha za vile viraka mwanzoni kabisa. Alinijibu kwamba gari la kweli lisingefika mikononi mwa mtu kama mimi, bila hata kuomba namba. Jibu hilo nimelibeba muda mrefu na bado linaniuma. Kwenye maonyesho pia nimezoea kuulizwa mwenye gari yuko wapi. Nawaambia vijana wetu wazi: mkiingia kwenye mchezo huu mtaulizwa zaidi ya wengine, kwa hiyo muwe na karatasi zaidi ya wengine. Faili langu sasa linaenda nami kila maonyesho, na anayeuliza mwenye gari yuko wapi namfungulia ukurasa wa kwanza.

Mtazameni Ford Mustang ya filamu ya Bullitt ya 1968. Zilikuwa mbili, za kijani, namba zao zinafuatana, zikiishia 558 na 559. Ile aliyoendesha mwigizaji Steve McQueen ilinunuliwa 1974 na Robert Kiernan kwa dola 6,000 kupitia tangazo la gazeti la magari, na mkewe akawa anaiendesha kwenda kazini kufundisha shule. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua kuomba auziwe, akakataliwa. Familia ikanyamaza, ikatunza gari na barua. Mwana, Sean, akalionyesha hadharani Detroit Januari 2018, na Januari 2020 likauzwa mnadani Kissimmee, Florida, kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. Halikupakwa rangi upya. Mikwaruzo yote ilibaki. La pili, lililopigishwa miruko San Francisco, lilipatikana Baja California, Mexico, likiwa limepakwa rangi nyeupe, na waliolinunua walikuwa na mpango wa kulifanya nakala ya gari la filamu nyingine. Namba ndiyo iliyoliokoa, na Marti akathibitisha. Mngeulizia rangi, mngelipita pale kama chuma chakavu.

Sasa suala la paa, ambalo wengi mnaniuliza kwa aibu. Juu ya paa gari hili lina bendera ya majimbo ya Kusini yaliyopigana ili utumwa uendelee. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Nimekua nikipita karibu na majengo ambayo biashara ya watu ilipitia, na siwezi kuiendesha bendera ile mtaani kwangu, mbele ya majirani ambao babu zao walimilikiwa kama mifugo. Mwaka 2015, baada ya mauaji kanisani Charleston, Warner Bros., wenye kipindi, waliacha kuruhusu bidhaa zenye bendera hiyo, na Watson akatangaza kwamba ataifunika ya Lee 1 kwa bendera ya Marekani. Wapo walioniambia niikwangue yote. Nimekataa, kwa sababu tabaka la rangi lililoko chini ni ushahidi, na mimi sichomi ushahidi hata kama unanichukiza. Niliipiga picha kila sehemu, nikaifunika kwa plastiki ya rangi ya chungwa inayobandikwa na kubanduliwa. Paa langu ni chungwa tupu. Mashabiki wengine wananuna, nami sibadilishi.

Kwa hiyo vijana, acheni pupa. Hakuna gari la mwisho duniani. Muuzaji anayekataa kupiga picha namba kwenye dashibodi, kwenye rejeta na kwenye buti, mwacheni abaki na gari lake. Msipake rangi kabla ya kupiga picha. Msitupe karatasi yoyote, hata risiti ya tairi. Andikeni majina ya waliowatangulia huku wangali hai, maana wenye magari haya sasa ni wazee na makasha yao yanatupwa kila siku na watoto wasiojua kilichomo. Na mkishathibitisha, kateni bima ya thamani mliyokubaliana mapema na kampuni. Ya kawaida italihesabu gari lenu kama bati la zaidi ya miaka 50, na hakuna faili litakalowasaidia baada ya ajali.

Mwenye Charger ya 1968 iliyovalishwa sura ya 1969, hasa kama ina viraka vya duara kwenye fenda, anitumie picha ya namba zake tatu. Nitazisoma bure, na kama mmiliki mmojawapo ametajwa kwenye karatasi zangu nitamwambia.