Nizimwage skrinishoti kundini?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la mafundi cherehani, tuko zaidi ya mia tatu. Admini mwenzangu huniandikia pembeni akiwacheka wanafunzi wanaoshona vibaya. Juzi akaniambia mchango tuliomkusanyia mwenzetu mgonjwa "ameuzungusha kidogo", ataurudisha. Kundini anasifiwa kwa huruma! Nimeshapiga skrinishoti 14. Nizimwage zote wamjue?
*Fundi mwenye hasira*

Marahaba, mwanangu. Umefunga mizigo miwili kwa kamba moja.

Mchango si siri yenu wawili. Waliochanga wana haki ya kujua uko wapi, na mgonjwa zaidi yao. Mpigie admini mwenzako leo, mpe hadi kesho jioni aeleze kundini amepokea kiasi gani na mgonjwa amefikishiwa kiasi gani. Akinyamaza, sema wewe, kwa maneno yako: mwenyewe ameniambia fedha ameziingiza kwenye shughuli zake. Akikana, hapo ndipo utoe ujumbe huo mmoja, mzima, wenye tarehe yake na jibu ulilompa. Ulimjibu nini? Hukuniandikia, na watu watakuuliza.

Hizo nyingine usizitoe. Fikiria mwanafunzi aliyetia zipu kwa mara ya kwanza, ikapinda, akaleta picha ili asaidiwe. Unataka asome mbele ya watu mia tatu jinsi alivyochekwa? Mwenzako atatahayari siku mbili tatu. Huyo mwanafunzi huenda asiguse cherehani tena. Tena zipitie upya hizo picha: sitashangaa ukikuta humo habari za ugonjwa wa mwenzenu, ambazo hakukutuma uzitangaze. Ukishazirusha, hata ukifuta kwa wote, waliozihifadhi wanazo.

Tangu 2016 WhatsApp husimba ujumbe, yaani huugeuza fumbo, ili mtu wa kati asiusome. Fumbo hilo halimzuii aliyeandikiwa kuwaonyesha wengine. Anayekuandikia pembeni anakutegemea wewe tu, na wanakundi wengine wanaokuletea shida zao wataliona hilo siku utakapomwaga.

Kuhusu kejeli, mwambie yeye mwenyewe kwamba zinakuchukiza. Umezisoma muda wote huo ukiwa kimya, naye kimya chako amekihesabu kuwa kicheko.

Ukimaliza kuongea naye, mpigie mgonjwa. Mwambie mchango wake umekwama na unaufuatilia, asije akalisikia jambo hilo kundini kwanza.