Kipima joto kikionyesha -127, anza na rezista

Mfugaji wa sato wa Igombe, Mwanza, ameandika kwamba kipima joto alichounda kinaonyesha -127 na sasa anataka kununua bodi nyingine ya Arduino, ile kompyuta ndogo inayosoma joto. Tafadhali usinunue. Hiyo -127 si joto; ni programu inakuambia haikioni kihisi, yaani kile kidude kinachopima joto.

Kihisi cha DS18B20 chenye ncha ya chuma kina nyaya tatu. Kwa kawaida, kwenye bodi, nyekundu inakwenda 5V (chanya), nyeusi GND (hasi), njano, ambayo ni waya wa data, pini namba 2. Kati ya njano na nyekundu pachika rezista ya kilo-omu 4.7, yenye mistari ya njano, zambarau, nyekundu na dhahabu. Wengi huiruka kwa kuwa ni kidude kidogo, kumbe ndiyo inayoinua volti ya waya wa data. Bila hiyo bodi na kihisi havielewani. Ukiipachika kati ya njano na nyeusi, bado hujafanya kitu. Mara tu ukiwasha, gusa ncha. Ikiunguza, chomoa haraka: nyekundu na nyeusi zimebadilishana, maana si kila mtengenezaji anafuata rangi hizo.

Ikija 85, nayo usiiamini. Ndiyo namba ambayo kihisi huamka nayo. Ama programu imesoma kabla ya milisekunde 750 za kupima kuisha, ama waya umelegea na umeme ukakatika.

Sasa kijaribu, na hapa naomba usiwe na haraka. Ponda barafu isiyotiwa chumvi, jaza kikombe, ongeza maji kidogo tu, koroga. Ncha ikae katikati bila kugusa kitako, subiri dakika tatu. Namba iwe kati ya -0.5 na 0.5. Ikisimama kwenye 0.4, punguza 0.4 ndani ya programu. Ikipita nyuzi 2, huenda umeuziwa kihisi bandia. Usitumie maji yanayochemka ukitegemea 100: Ziwa Victoria letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Watu wametupa vihisi vizima kwa kutojua hilo.

Kabla ya kukishusha kwenye kizimba cha samaki, paka gundi ya epoksi pale waya unapoingia kwenye chuma, iache ikauke usiku kucha. Maji hupenyea hapo hapo, na ile -127 inarudi.