Mfanyabiashara kalindwa, mwalimu je?

Wiki hii mmetuuliza: "Je, serikali ya jimbo nchini Marekani ina haki ya kumpangia mwalimu au mfanyabiashara la kusema?" Jibu langu ni hapana kwa wote wawili, ila nitakaa zaidi kwa mwalimu, maana mahakama za huku zimemkinga mwenye biashara kuliko yeye. Nafundisha Kiswahili katika chuo cha umma kusini mwa Marekani, na sifichi kwamba jambo hili linanitia hofu.

Tazameni Florida. Mwaka 2022 Gavana Ron DeSantis alitia saini sheria iliyotaja mawazo manane kuhusu rangi, jinsia na asili ya mtu. Mwajiri akiitisha mafunzo ya lazima yanayoyaunga mkono, kavunja sheria. Mhadhiri wa chuo cha umma akiyaunga mkono darasani, naye kavunja. Honeyfund, kampuni inayowawezesha maharusi kuchangiwa fedha za fungate, ikaenda mahakamani pamoja na wengine. Agosti mwaka huohuo Jaji Mark Walker akaizuia ile sehemu ya waajiri, na Machi 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 11 ikakubaliana naye. Aliyeiandika hukumu ya rufaa ni Jaji Britt Grant, aliyeteuliwa na Donald Trump, kwa hiyo asije mtu akatuambia kuwa haya ni mambo ya chama kimoja. Jimbo lilijitetea kwamba linakataza kitendo cha kuwalazimisha wafanyakazi wahudhurie, halikatazi maneno. Mahakama ikasema huwezi kujua ni kikao kipi kimekatazwa mpaka uangalie kwanza kinachosemwa ndani yake. Utetezi ukaanguka hapo, na zuio baadaye likawa la kudumu.

Mfanyabiashara ana ngao nyingine pia, dhidi ya mashinikizo ya kimyakimya. Huko Rhode Island tume ya serikali ilikuwa ikiwaandikia wasambazaji wa vitabu kuwaambia vitabu gani havifai kwa vijana, na polisi wakipita baadaye kuulizia wamechukua hatua gani. Hakuna aliyeshtakiwa, lakini vitabu vilirudishwa kwa wachapishaji. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ilisema huo ni udhibiti unaokiuka Katiba. Mei 2024, majaji wote tisa wakairudia kanuni hiyo katika kesi ya chama cha wamiliki wa silaha, NRA, dhidi ya Maria Vullo, aliyekuwa msimamizi wa bima na mabenki wa jimbo la New York. NRA ilidai kwamba alizibana kampuni za bima ziachane nayo kwa sababu ya msimamo wake kuhusu bunduki, na mahakama ikairuhusu iendelee na madai hayo. Mimi sina mapenzi na NRA hata kidogo. ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia lililoitetea, nalo halikubaliani na siasa zake. Lakini ofisa mwenye mamlaka juu ya leseni akiachiwa kumkomoa mmoja kwa maneno yake, ofisa wa jimbo jirani atamkomoa mwingine.

Sasa mwalimu. Wahadhiri wa Florida nao walishtaki, na Novemba 2022 Jaji Walker akawapa zuio la muda. Ila sikilizeni jimbo lilivyojitetea: maneno ya mhadhiri wa chuo cha umma awapo darasani ni maneno ya serikali, na serikali ina uhuru wa kuchagua la kusema. Utetezi huo ndio unaoninyima usingizi. Kiswahili hakifundishiki bila kufika Bagamoyo, bila kuigusa biashara ya watumwa na utawala wa Wajerumani. Mwanafunzi akiniuliza naonaje urithi wa mambo hayo, je, ninayejibu ni mimi, au gavana?

Chanzo cha utetezi huo ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2006, katika kesi iliyotoka Los Angeles, iliyosema kwamba mtumishi wa umma anapotamka jambo kama sehemu ya kazi yake, Katiba haimkingi na adhabu ya mwajiri. Mwaka uliofuata, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bloomington, Indiana, alishindwa kesi yake. Mwanafunzi alikuwa amemuuliza kuhusu maandamano ya kupinga vita vya Iraki, naye akajibu kwamba alipowapita waandamanaji aliwapigia honi kuunga mkono amani. Mkataba wake haukuongezwa. Mahakama ya rufaa ilisema shule ndiyo inayoununua usemi wa mwalimu darasani. Angeliandika jambo lilelile gazetini angekuwa na kinga nzuri zaidi, maana tangu 1968 mwalimu anayezungumzia mambo ya umma kama raia hulindwa.

Nakubali kwamba jimbo lina haki ya kupanga mtaala. Mimi nikiajiriwa kufundisha Kiswahili siwezi kugeuza kipindi kuwa mkutano wa kisiasa. Lakini kupanga somo ni jambo moja, na kumpokonya mwalimu rai yake ndani ya somo ni jambo jingine kabisa. Nebraska iliwahi kupiga marufuku kufundisha watoto wadogo kwa lugha za kigeni, na Robert Meyer akatozwa faini ya dola 25 kwa kumsomesha mtoto wa miaka 10 kwa Kijerumani. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilimpa haki Meyer. Mtu wa fani yangu hawezi kuisahau kesi hiyo.

Majaji wale wa 2006 walisema wazi kwamba suala la ufundishaji na utafiti wa vyuoni hawaliamui siku hiyo. Waliliacha wazi. Natamani liamuliwe kwa faida ya mwalimu, tena kabla wahadhiri wengi zaidi hawajaanza kuzifuta mada kwenye mihtasari yao wenyewe, bila kuamriwa na yeyote.