Kabla hujaagiza memori kutoka Mombasa

Hapa Amu, mjini Lamu, kompyuta ya Windows ikizidi kuwa nzito kadiri siku inavyosonga, jirani wa kwanza atakwambia uongeze RAM, yaani memori, na wa pili atailaumu chumvi. Ushauri wa kwanza una gharama: kipande kiagizwe Mombasa, kisafirishwe kwa basi mpaka Mokowe, kivuke kwa boti, na ikiwa ni Juni, watu wamepanga foleni kujaza ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Wa pili una ukweli wake, ila hapa hauhusiki. Hewa ya bahari hula miguu ya memori hadi mashine inapiga milio na kukataa kuwaka, au inaonyesha skrini ya buluu ghafla. Matumizi ya memori yanayopanda polepole tangu asubuhi hadi jioni ni kazi ya programu.

Kwa hiyo mtu akiniletea lalamiko hili, siigusi bisibisi. Namwambia atafute karatasi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda Performance kisha Memory. Andika namba za "In use" (memori inayotumika sasa) na "Committed" (jumla ambayo programu zimeahidiwa) asubuhi, tena adhuhuri kabla ya kufunga, tena jioni, kazi zikiwa zile zile. Iliyoandikwa "Cached" isikutie hofu: Windows huhifadhi mafaili kwenye nafasi iliyo wazi, na programu ikihitaji nafasi hiyo huachiwa mara moja. Kinachotafutwa ni "Committed" inayopanda na isiyoshuka hata ukifunga kila kitu.

Kabla ya lolote jingine, gusa CPU upande wa kushoto usome "Up time", yaani muda tangu Windows ianze upya. Mwalimu mmoja wa madrasa alinibishia hapo.

"Fundi, mimi huizima kila usiku."

"Najua, mwalimu. Lakini hebu tazama hiyo namba."

Ilikuwa ni wiki nzima na zaidi. Tangu Windows 8, mwaka 2012, mashine nyingi zina kitu kinachoitwa Fast startup: ukibonyeza "Shut down", programu zako hufungwa kweli, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva zake, yaani programu zinazoendesha vifaa, huandikwa kwenye diski, kisha asubuhi hurudishwa kama kilivyokuwa. Draiva iliyokuwa ikimeza memori jana inaendelea pale ilipoachia. "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa. Inachekesha kidogo, najua, kwamba kuzima ni kuzima nusu. Ukitaka kuiondoa, ingia Control Panel, Power Options, kwenye mipangilio ya vitufe vya umeme, uondoe alama ya Fast startup. Kuwaka kutachelewa kidogo, basi.

Namba zikipanda hata baada ya "Restart", mtafute mlaji. Kwenye ukurasa wa Details wa Task Manager bofya kwa kitufe cha kulia juu ya majina ya safu, uongeze "Commit size" (memori iliyoahidiwa kila programu) na "Handles" (idadi ya vitu vya Windows ambavyo programu imevishika). Programu ambayo "Handles" zake zinaongezeka saa baada ya saa bila kazi mpya ina kasoro. Isasishe au iondoe. Chrome nayo ina orodha yake ya ndani, Shift na Esc, inayoonyesha ukurasa gani au kiongezo gani kinakula. Mara nyingi ni viongezo ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviweka.

Kesi ngumu ni pale ukijumlisha programu zote na hesabu haifiki. Saiba moja ya mtaa wa Langoni ilikuwa hivyo: Task Manager inasema memori imejaa, na kwenye orodha hakuna aliyeibeba. Hapo utazame "Non-paged pool" chini ya ukurasa wa Memory. Hii ni memori ya kiini na draiva, haiwezi kupelekwa diskini, na kwenye mashine ya kawaida ya ofisi hukaa megabaiti mia chache tu. Pale ilikuwa imepita gigabaiti 1 kabla ya alasiri, kwenye mashine ya gigabaiti 4. Tulichomoa kile kidude cha USB cha Wi-Fi, tukatumia waya, tukawasha upya, na namba ikatulia. Draiva mpya ya kile kidude ilimaliza kazi. Usipoweza kubahatisha namna hiyo, ipo programu ya Poolmon ya Microsoft, ya bure, inayoonyesha alama ya herufi 4 ya kila anayechukua memori hiyo. Alama hiyo unaitafuta ndani ya mafaili ya draiva.

Zile programu za "kusafisha RAM" achana nazo. Zinasukuma data diskini ili namba ishuke, kisha mashine inahangaika kuirudisha. Na kuongeza memori penye draiva mbovu ni kununua mashua kubwa yenye tundu lile lile: utafua maji kwa kuchelewa zaidi, lakini utafua.

Memori inunuliwe pale karatasi yako inapoonyesha "In use" iko juu tangu asubuhi na inabaki pale pale siku nzima. Hiyo ni mashine iliyozidiwa na kazi. Hata hivyo angalia kwanza inataka kizazi gani cha memori, kama DDR3 au DDR4, na kama ni ya mezani au ya mapajani, maana vipande hivi haviingiliani, na kukirudisha Mombasa ni boti nyingine na basi jingine, kwa nauli yako.