Mteja kalipa, mbona deni limebaki?

SWALI: Nashika hesabu katika ofisi ya mawakili, Nakuru. Tuliipelekea kampuni moja ankara ya 116,000: ada 100,000, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 16,000. Benki zikaingia 109,000. Programu ya hesabu inang'ang'ania deni la 7,000. Nilifute? Na kuna mteja mwingine kaweka amana ya 60,000 kabla ya kesi kuanza; niipeleke wapi ilhali ankara haipo?

JIBU: Usifute chochote. Zile 7,000 zimelipwa, ila zilipelekwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Mteja amekata asilimia 5 ya ada, yaani 5,000 za kodi ya zuio (kodi ya mapato yenu ambayo mlipaji huikata na kuipeleka KRA), na kwa kuwa ni wakala wa kuzuia VAT, yaani KRA imemteua kukata sehemu ya VAT, akakata asilimia 2 nyingine, 2,000. Makato yote hupigwa kwenye 100,000. Ukiona mtu amekata 5,800, amepiga hesabu kwenye jumla yenye VAT; mrudie.

Fungua akaunti mbili upande wa mali, kodi ya zuio na VAT iliyozuiwa. Usizichanganye, maana ya kwanza hudaiwa kwenye kodi ya mapato na ya pili kwenye VAT. Kisha ilipie ankara hiyo moja kwa maingizo matatu: 109,000 benki, 5,000, 2,000. Kwenye sehemu ya rejea andika namba ya cheti cha makato kutoka iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Cheti kisipoonekana, msumbue mteja mapema. Ukipunguza ankara kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili deni lipotee, umeiambia KRA kwamba mlitoza kidogo, na makato yenu yatakosa pa kushikia.

Amana ni jambo jingine kabisa: hiyo bado ni pesa ya mteja. Iingie benki kwenye akaunti ya wateja, na katika programu kwenye leja (rekodi ya pesa) ya mteja huyo, chini ya namba ya faili lake. Isiguse mapato. Ankara ikitoka, tuseme 46,400 pamoja na VAT, hamisha kwanza 46,400 kutoka akaunti ya wateja hadi ya ofisi, ndipo uilipie ankara. Leja ibaki 13,600. Wengi hubonyeza "lipia" na kusahau kuhamisha benkini, kisha mwisho wa mwezi salio la akaunti ya wateja benkini linazidi jumla ya leja za wateja kwa 46,400 zilezile.

Kibaya zaidi ni leja ya mteja mmoja kusoma hasi: hapo mnatumia pesa za wateja wengine.