MAC na IP: kwa nini kompyuta moja iwe na anwani mbili (jibu refu)

Dogo aliyeanzisha uzi kauliza vitu vitatu: kwa nini kompyuta iwe na anwani ya MAC na hapohapo iwe na anwani ya IP wakati moja ingetosha, sabneti maski ni mdudu gani, na kama akikariri yale matabaka 7 ya OSI (mfumo unaogawa kazi za mtandao kwa ngazi) atatoboa mtihani wa kompyuta. Wengi humu mmemjibu hilo la tatu tu, kwamba kariri dogo, yamekwisha. Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao na jioni nafundisha vijana wa sekondari somo hilohilo, na kwa ninavyowaona ni hayo mawili ya kwanza ndo yanawaangusha, OSI ni rahisi sana ukishayaelewa hayo.

Sasa sikia. Kabla kompyuta haijatuma kitu chochote kwenye mtandao, iwe unafungua tovuti, unaprinti, unavuta faili kwenye mashine ya jirani, kuna swali moja inajiuliza: huyu ninayemtumia yuko ndani ya mtandao wangu au yuko nje? Basi, ni hilo tu. IP, maski, getiwei, ARP, swichi, rauta, hao wote wapo ama kulijibu hilo swali ama kulifanyia kazi jibu lake. Shida ni kwamba darasani vinakuja kimoja kimoja, leo rauta na maana yake, wiki ijayo swichi na maana yake, mwanafunzi anatoka na orodha ya maneno ila hajui nani anamhitaji nani.

Tuanze na maski maana ndo inayojibu swali lenyewe. Anwani ya IP toleo la 4 ni biti 32, zimekatwa mafungu manne ya biti 8 kila moja, ndo maana huwezi kukuta fungu limezidi 255. Sehemu ya mwanzo ya hizo biti ni jina la mtandao, sehemu ya mwisho ni namba ya kompyuta ndani ya huo mtandao, na maski ndo inayosema mpaka uko wapi, penye 1 ni mtandao penye 0 ni kompyuta. Chukulia wewe ni 192.168.1.15 na maski yako ni 255.255.255.0, unataka kuongea na 192.168.1.40. Kompyuta yako inachukua IP yake inaifanyia AND na maski (biti kwa biti, 1 na 1 inatoa 1, vingine vyote 0) inapata 192.168.1.0, afu inachukua IP ya mwenzake inaifanyia AND na maski hiyohiyo inapata 192.168.1.0 tena. Zimelingana, kwa hiyo yuko ndani. Ila hapo kuna kitu kidogo nataka ukishike, maski iliyotumika mara zote mbili ni ya kwako wewe. Ya mwenzako huijui, na wala haiulizwi. Tutarudi hapo.

Sawa, yuko ndani, tunamfikiaje? Kadi ya mtandao haijui IP kabisa, yenyewe inajua MAC, biti 48 ambazo utaziona zimeandikwa kama herufi 12 za heksadesimali, nusu ya mwanzo ni ya kiwanda kilichoitengeneza na nusu ya pili kiwanda kinaigawa chenyewe (simu za siku hizi kwenye waifai zinabuni MAC ya uongo kwa ajili ya faragha, usishangae). Kwa hiyo kompyuta yako inapiga kelele kwa mtandao mzima, jamani nani ana 192.168.1.40, amjibu 192.168.1.15. Hiyo ndo ARP. Wote wanaisikia, mwenye nayo peke yake ndo anajibu na kutaja MAC yake, nawe unaiandika kwenye jedwali lako ili usiulizeulize kila saa. Usiniamini mimi, fungua kile kidirisha cheusi cha amri andika arp -a utaliona hilo jedwali, IP upande huu MAC upande ule, na kama kwenye laptopu yako hujafanya lolote zaidi ya kuingia intaneti kuna uwezekano mkubwa kati ya hizo ukaikuta ya rauta. Kwa nini ya rauta? Subiri kidogo.

Swichi, kile kisanduku cha katikati kinachounganisha waya za kompyuta, haijali IP wala haiangalii. Inasoma MAC ya mtumaji inaandika kwamba huyu yuko poti ya 3, ikija fremu (bahasha inayobeba data ndani ya mtandao) ya kwenda kwake inaipeleka poti ya 3 peke yake. Asiyemfahamu inamwagia poti zote isipokuwa ile iliyoingilia. Habu za zamani zilikuwa hazina akili hiyo, zilikuwa zinamwaga kila kitu kwa kila mtu, na sioni kwa nini mitihani bado inaziuliza ila inaziuliza, kwa hiyo jua tofauti.

Sasa upande wa pili wa swali, jamaa yuko nje. Unataka 203.0.113.7, unafanya AND na maski yako unapata 203.0.113.0, hailingani na 192.168.1.0. Kompyuta haimtafuti huyo mtu, haimpigii ARP, haihangaiki naye kabisa. Inachukua mzigo inampa getiwei, ambaye ndo rauta, na MAC inayoitafuta kwa ARP ni ya rauta. Hapa ndo pa kukaa sana dogo maana ndo jibu la swali lako la kwanza. Pakiti inayotoka kwenye kompyuta yako ina IP ya 203.0.113.7 kama mwisho wa safari, lakini fremu iliyoibeba ina MAC ya rauta. Mbili hazifanani, na siyo makosa. Rauta ikipokea inavua fremu inaitupa, inasoma IP, inaangalia jedwali la njia, inapunguza TTL, yaani idadi ya hatua zilizobaki, kwa 1 (ili pakiti iliyopotea isizunguke milele), inaivalisha fremu mpya yenye MAC ya rauta inayofuata, inaisukuma. Inayofuata nayo vilevile, mpaka ifike. Ni kama abiria wa safari ndefu anayebadilisha magari njiani, tiketi yake inasema mwisho wa safari ni wapi na haibadiliki, ila gari la kila kipande ni jingine. IP ndo tiketi, MAC ndo gari. Kuna kasoro moja, rauta ya nyumbani au ya shule inabadilisha IP ya mtumaji pale inapofanya NAT kwa sababu anwani kama 192.168 au 10 ni za ndani tu, haziruhusiwi kutembea intaneti, lakini IP ya anayetumiwa kwenye hiyo safari ya kwenda inabaki ileile.

Mtu atasema basi si tutumie MAC tu kila mahali. Haiwezekani, MAC inatoka kiwandani, haisemi uko wapi. Kadi mbili zenye MAC zinazofuatana zinaweza kuwa mabara mawili tofauti, kwa hiyo rauta ingebidi ikariri kila kadi iliyopo duniani. IP inagawiwa kwa mafungu, rauta inahitaji kujua tu kwamba fungu hili lote liko upande ule, haina haja ya kumjua mtu mmoja mmoja. Na tukisema tutumie IP peke yake, kompyuta ikiwashwa tu haina IP bado, inabidi iombe kwa DHCP (huduma ya kugawa IP), na ombi lake linatoka na 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, sasa hapo anayegawa atamtambuaje nani kaomba? Kwa MAC yake. Umeona?

Turudi kwenye maski. Niliitwa sehemu moja yenye vyumba viwili vya kompyuta, chumba cha kwanza kiko 192.168.1.0 cha pili kiko 192.168.2.0, zote maski 255.255.255.0, rauta katikati. Kompyuta moja ya chumba cha kwanza intaneti inapata vizuri, wenzake wa chumbani inawafikia, ila chumba cha pili hakuna kitu hata kimoja inachokiona. Waya ulikuwa umeshabadilishwa, kadi imeshabadilishwa, Windows imeshapigwa upya. Nikapiga ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama upo) kwenda 192.168.2.20, jibu likaja kwamba hafikiki, ila anayejibu hivyo siyo rauta, ni 192.168.1.15 yaani kompyuta yenyewe inajijibu! Hapo huhitaji kwenda mbali. Aliyeseti alikuwa ameandika maski 255.255.0.0. Fanya AND mwenyewe: 192.168.1.15 inatoa 192.168.0.0, 192.168.2.20 nayo inatoa 192.168.0.0, zimelingana, kwa hiyo kompyuta inaamini jamaa yuko ndani, inampigia ARP humohumo chumbani na hakuna wa kuitika maana hayupo, na getiwei haipewi kitu kwa sababu haijaombwa. Intaneti inafanya kazi kwa sababu 203 na wenzake hawalingani kwa maski yoyote ile kati ya hizo mbili. Kufuta fungu moja likawa 0 badala ya 255, watu wamehangaika na waya. Ukiielewa hiyo stori kwa nini imekuwa vile, maski umeielewa, hakuna zaidi.

Hesabu zenyewe za mtihani nazo zisikutishe. Wakikupa 255.255.255.192 fanya 256 toa 192 unapata 64, ndo hatua, mitandao inaanzia 0, 64, 128 na 192. Kila mmoja una anwani 64, unatoa ya kwanza ambayo ni jina la mtandao na ya mwisho ambayo ni ya brodikasti (kutangazia wote), zinabaki 62 za kompyuta. Kwa hiyo 192.168.1.60 na 192.168.1.70 ni majirani kwa kuangalia tu lakini kwa maski hiyo wako mitandao tofauti, wanahitaji rauta. Watunzi wanapenda sana mtego huo.

Na kama unataka kutumia haya kutafuta tatizo, nenda kwa mtiririko uleule wa swali letu. Piga ping 127.0.0.1, hiyo inajipima yenyewe ndani wala haitoki. Angalia IP uliyonayo, ukikuta inaanza na 169.254 ujue DHCP haikujibu na kompyuta imejibunia. Ping getiwei, ikijibu basi mambo ya ndani yako sawa. Ping 8.8.8.8 (seva ya Google huko nje), ikijibu basi njia ya nje ipo. Ikifika hapo na tovuti bado hazifunguki, mshuku DNS, anayegeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP, kwa sababu umeenda kwa namba ukafika na kwa jina umekwama. Kuna rauta na seva zinazuia ping kwa makusudi kwa hiyo kukosa jibu peke yake siyo hukumu, ila kupata jibu ni ushahidi.

Sasa OSI. Mkuu mmoja hapo juu kasema intaneti imejengwa juu ya matabaka 7 ya OSI. Hapana mkuu. ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ilihamia TCP/IP (kanuni za mawasiliano zinazotumika mpaka leo) tarehe 1 Januari 1983, OSI ilikuja kutolewa rasmi na ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 1984, intaneti ilishachagua njia yake. OSI imebaki kama ramani ya kuongelea, fundi akikwambia tatizo ni la tabaka la 1 anamaanisha kaangalie waya. Ukiwa umefuata safari yote hapo juu matabaka ya chini unayo tayari: la 1 waya na mawimbi, la 2 MAC, fremu na swichi, la 3 IP na rauta. La 4 ni TCP na UDP zenye namba za poti (siyo yale matundu ya swichi), pakiti ikishafika kwenye mashine sahihi poti ndo inasema ni ya programu gani, 443 kwa tovuti zenye HTTPS, 53 kwa DNS. TCP inapeana mkono kwanza, SYN, SYN-ACK, ACK, na kilichopotea inakirudia, UDP inarusha tu na kuendelea, ndo maana simu za video zinaipenda, kipande cha sauti kikichelewa hakina faida tena. La 5, 6 na 7 kiukweli programu inayabeba kwa pamoja, kwenye TCP/IP yote hayo ni tabaka moja. Mtihani unayataka yametengana kwa hiyo hayo matatu kariri tu, sina njia nyingine ya kukusaidia.

Kitu cha kufanya wikiendi hii: shusha Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni bure, jenga hivyo vyumba viwili na rauta katikati, weka mode ya simulesheni, tuma ping toka chumba kimoja kwenda kingine. Utaona bahasha inatembea, ibofye ikiwa kwenye rauta, kuna upande wa inavyoingia na upande wa inavyotoka, linganisha MAC na linganisha IP pande zote mbili. Afu nenda kaharibu maski ya kompyuta moja kama ile ya kwenye stori, tuma tena, uone bahasha ya ARP inavyozunguka chumbani inatafuta mtu asiyekuwepo.