Kuni za Juni Hukatwa Juni ya Mwaka Jana

Wiki iliyopita msomaji mmoja mwenye shamba Makete aliniandikia: "Kaka, nimejenga nyumba yenye dohani kama ulivyoshauri, mbona sebule inajaa moshi?" Nikamuuliza swali moja tu: kuni ulikata lini? "Mwezi wa nne." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Nilikumbuka ya kwangu.

Nilipohama Dar kuja Njombe nilikuta ekari mbili za miwati, nikajiona tajiri wa kuni. Nikaangusha miti Aprili, mvua bado inanyesha, nikairundika chini na kuigubika turubai. Kipupwe kilipoingia nikawasha. Kuni zikatoa povu kwenye ncha na kulia kama mafuta ya vitumbua. Shemeji yangu, mzaliwa wa huku, akazitazama, akaniuliza mbele ya watoto: "Shemeji, unachemsha kuni au unaota moto?" Kila sherehe ya ukoo hadithi hiyo lazima isimuliwe.

Usiku ule, kwa hasira, nikaingiza jiko la mkaa chumbani. Bahati mke wangu aliamka kichwa kinamgonga, akafungua madirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Watu hulala nayo wasiamke. Jiko la mkaa likae nje, basi.

Mti mbichi unaweza kuwa karibu nusu yake ni maji. Moto unahangaika kuyakausha hayo badala ya kukupasha wewe, na moshi wake unaganda ndani ya dohani kama lami, ambayo siku moja inaweza kushika moto.

Sasa naangusha Juni, mvua zikishakatika. Nakata vipande vya dhiraa moja na kuvichanja wiki hiyohiyo. Mlingoti, yaani mkaratusi, hasa usiuache ukauke ukiwa gogo: nyuzi zinajisokota, shoka linanasa, kabari inaruka. Mwati hauna ubishi. Kisha napanga kwenye uchaga, mbali na udongo na mchwa, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Turubai la kufunika hadi chini linaotesha ukungu tu. Ukitaka kujua kama zimekauka, gonganisha mbili: zikilia ko! tayari, zikitoa mlio mzito, subiri.

Uchaga wangu leo umejaa mpaka kwenye bati. Shemeji akipita hapo huangalia ng'ombe.

Na ninyi mnaong'oa miti yote mpande parachichi, mtaota moto wa nini? Acheni hata kipande cha miti. Kisiki cha mlingoti huchipua, punguza machipukizi ubakize mawili. Mwati hurudi zaidi kwa mbegu. Ila mlingoti usiusogeze kwenye chemchemi, unakunywa sana. Nasema kila mwaka, hamsikii.

Ndugu yangu wa Makete, za mwaka huu zichanje upya ziwe nyembamba, uzianike, na uvae sweta. Halafu kaazime chenso, msumeno wa mashine, uangushe za mwakani. Juni haijaisha.